Nyumba Ipande, Nani Alipe?

Kusini mwa Louisiana, nyumba nzima kunyanyuliwa kutoka ardhini na kuachwa juu ya jeki si jambo la kukusanya watazamaji tena. Mafundi hukata kwanza umeme, maji na gesi. Hutoboa msingi, wakapitisha boriti ndefu za chuma chini ya sakafu, kisha chini ya boriti wakatega jeki za haidroliki zinazoendeshwa na mashine moja ili zote zipande kwa mwendo mmoja. Nyumba ikipanda inchi kadhaa, magogo ya mraba hupangwa kwa kupishana chini ya boriti yashike uzito, jeki zinalegezwa, zinawekwa juu zaidi, na kazi inaanza upya. Pembe moja ikitangulia wenzake, ukuta unapasuka. Baada ya siku chache nyumba iko futi 8 au 10 juu ya ua wake, kabati na makochi yakiwa bado ndani, na waashi wanajenga nguzo za matofali ya zege chini yake.

Ufundi huo ni wa zamani na unajulikana. Kinachosumbua ni bili. Kuinua nyumba ya kawaida Marekani mara nyingi hupita dola 100,000. Nyumba iliyolazwa juu ya bamba la zege, kama zilivyo nyingi za Houston, hugharimu zaidi, kwa sababu fundi lazima achimbe mahandaki chini ya bamba ili alinyanyue pamoja na nyumba, au aitenganishe nyumba na bamba lake na kuijengea sakafu mpya. Familia zenye akiba ya namna hiyo ni chache. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 30 serikali ya Marekani imekuwa ikitoa ruzuku za kuinua nyumba katika maeneo ya mafuriko. Muda huo umetosha kuonyesha kwamba nyumba iliyoinuliwa vizuri hunusurika. Umetosha pia kuonyesha kwamba njia wanayopitishwa wenye nyumba kabla fedha hazijawafikia huwaacha nyuma wale ambao maji huwakuta wa kwanza.

Kabla serikali kuu haijaingia katika shughuli hii, watu walijilipia. Kimbunga cha Septemba 8, 1900 kiliua watu wasiopungua 6,000 katika mji wa Galveston, Texas, uliojengwa juu ya kisiwa cha mchanga kilichoinuka futi chache tu kutoka baharini. Mji uliamua kujenga ukuta wa bahari na, kuanzia 1903, kupandisha ardhi yenyewe. Majengo zaidi ya 2,000 yaliinuliwa kwa jeki za kuzungushwa kwa mkono, mchanga uliochanganywa na maji ukasukumwa kwa mabomba chini yake, na wakazi wakawa wanapita juu ya njia za mbao zilizounganisha nyumba na nyumba. Kanisa la Mtakatifu Patrick, lenye uzito wa tani 3,000, lilipandishwa futi 5. Fedha za umma zililipa ukuta na mchanga. Gharama ya kuinua jengo ilikuwa ya mwenye jengo. Kimbunga kikubwa kilipopiga tena mwaka 1915, mji ulisimama.

Mgawanyo ule ulidumu hadi bima ilipobadilisha hesabu. Mwaka 1968 Bunge la Marekani lilianzisha Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko, kwa kuwa kampuni binafsi zilikuwa zimekwepa hatari hiyo. Leo mpango huo unasimamiwa na shirika la maafa la serikali kuu, FEMA, na una mikataba ya bima takriban milioni 4.7. Ramani zake huhesabu kuwa eneo la hatari pale ambapo uwezekano wa mafuriko ni asilimia 1 kila mwaka. Kiwango hicho kinaonekana kidogo, lakini kwa mtu mwenye mkopo wa nyumba wa miaka 30 kinakuwa uwezekano wa asilimia 26 wa kufurikiwa angalau mara moja kabla hajamaliza deni. Na zipo nyumba zilizofurika mara 4, mara 5 na zaidi, zikalipwa fidia kila mara, zikakarabatiwa pale pale kwa kimo kile kile. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba nyumba za aina hiyo, ambazo ni kama asilimia 1 tu ya zilizokatiwa bima, zimekula robo au zaidi ya fidia yote. Mwaka 2017 Bunge liliufutia mpango deni la dola bilioni 16, na hata hivyo ukabaki ukidaiwa na Hazina zaidi ya bilioni 20.

Kwa mtu anayeshika vitabu vya hesabu, kuinua nyumba kulionekana kuwa nafuu kuliko kuilipia fidia tena na tena. Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Ujenzi ilikadiria mwaka 2005 kwamba kila dola 1 ya ruzuku ya kupunguza maafa huokoa dola 4. Tathmini yake iliyofuata ikapandisha kiasi hicho hadi dola 6. FEMA yenyewe hutangaza kwamba maji ya kina cha inchi 1 tu ndani ya nyumba yanaweza kusababisha hasara ya dola 25,000. Hoja ya kiuchumi haina utata mkubwa. Utata uko kwenye mlango wa kuingilia.

Fedha zenyewe zinatoka katika mifuko kadhaa. Mkubwa ni Mpango wa Ruzuku za Kupunguza Maafa, HMGP, uliowekwa na Sheria ya Stafford ya 1988. Huo hufunguka baada ya rais kutangaza maafa katika jimbo, na kwa kawaida serikali kuu hulipa hadi asilimia 75 ya gharama. Mwingine ni Msaada wa Kupunguza Mafuriko, FMA, uliotokana na sheria ya 1994 na unaohudumia nyumba zenye bima ya mpango wa taifa pekee. Huo unaweza kufikia asilimia 90 kwa nyumba iliyofurika mara kwa mara, na asilimia 100 kwa ile iliyopata hasara kubwa mfululizo, yaani iliyodai fidia angalau mara 4, kila dai likizidi dola 5,000, au mara 2 zikazidi thamani ya jengo. Sheria ya miundombinu ya 2021 iliuongezea FMA dola bilioni 3.5 kwa miaka 5. Upo pia mfuko wa wizara ya nyumba, HUD, unaotolewa na Bunge baada ya maafa makubwa, na nyongeza ya dola 30,000 iliyomo ndani ya bima yenyewe.

Mwenye nyumba hawezi kuandika barua kwa FEMA akajibiwa. Huomba kwa halmashauri ya mji au wilaya yake. Halmashauri hukusanya maombi, huyafanyia hesabu ya faida na gharama, huyapeleka jimboni. Jimbo huyapanga kwa kipaumbele chake na kuyapeleka serikali kuu, ambayo nayo hupitia hesabu, mazingira na historia ya jengo. Karatasi hukaa katika kila meza. Utafiti wa shirika la mazingira la NRDC uliotolewa 2019 ulipima safari ya aina hiyo kwa nyumba zinazonunuliwa na serikali ili zibomolewe, na ukakuta kwamba kwa kawaida huchukua zaidi ya miaka 5 tangu maji kuingia hadi mradi kufungwa. Maombi ya kuinua nyumba hupita katika ofisi hizo hizo. Katika muda huo familia inalipa mkopo, inakarabati nyumba ambayo itabidi ibomolewe sehemu ili iinuliwe, na inaomba Mungu mvua isirudi.

Halmashauri yenye wahandisi na mwandishi mzoefu wa maombi ya ruzuku huandaa faili nzuri. Mji mdogo ambao mtumishi mmoja anashughulikia vibali vya ujenzi, makaburi na malalamiko ya barabara hushindwa kabla ya kuanza. Tatizo hili linazungumzwa mno katika semina na kutatuliwa kidogo mno.

Chukua mfano wa hesabu tu. Kazi ni ya dola 160,000 na ruzuku ni ya asilimia 75. Mwenye nyumba anabaki na dola 40,000. Ikiwa ana bima na nyumba yake imetangazwa kuharibika vibaya, ile nyongeza ya dola 30,000 inaweza kuhesabiwa kama sehemu ya mchango wake, naye atatafuta 10,000. Lakini majimbo mengi yameendesha ruzuku hizi kwa utaratibu wa kurudishiwa: lipa kwanza, leta risiti, subiri. Kwa hiyo anahitaji mkopo wa kati wa laki moja na ushei, pamoja na kodi ya mahali pa kuishi wakati nyumba iko juu ya magogo. Asiye na bima hana ile 30,000, na chini ya FMA hana hata haki ya kuomba. Mjane anayeishi kwa pensheni katika nyumba aliyokwisha kuilipia, akaacha bima kwa sababu hakuna tena benki inayomlazimisha, ametolewa nje ya mlango na kila sharti kati ya hayo.

Kuna kanuni nyingine inayombana mtu wa kipato cha chini kwa namna isiyoonekana haraka. Chini ya masharti ya bima ya taifa, gharama ya ukarabati ikifikia asilimia 50 ya thamani ya nyumba kabla ya mafuriko, nyumba iliyo katika eneo la hatari haiwezi kurudishwa kama ilivyokuwa. Lazima ifikie kimo cha sheria. Nyumba ya dola 80,000 hufika hapo kwa uharibifu wa 40,000, kiasi kinachoweza kuletwa na maji ya magotini. Nyumba ya dola 400,000 inahitaji uharibifu wa 200,000. Maji yale yale, mtaa ule ule, na mwenye nyumba ya bei ndogo ndiye anayelazimika kuinua. Sheria inamtaka apande, halafu ruzuku inamwambia angoje zamu.

Hesabu ya faida na gharama huongeza uzito upande uo huo, kwa kuwa hasara inayoepukwa hupimwa kwa thamani ya jengo: nyumba ghali ikiokolewa, faida inakuwa kubwa zaidi kwenye karatasi. FEMA imejaribu kulainisha jambo hili. Tangu 2013 nyumba iliyo ndani ya eneo la hatari ilichukuliwa kuwa na faida ya kutosha bila hesabu ndefu, mradi wastani wa gharama ya kuinua usizidi dola 175,000, na mwaka 2021 kiwango hicho kikapandishwa hadi 205,000. Ni hatua ya maana, nayo ilistahili kuchukuliwa miaka mingi kabla.

Lakini hakuna mahali ambapo ruzuku ya kuinua nyumba ilifunzwa somo chungu kama Louisiana baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005. Jimbo, kwa fedha za HUD, liliendesha mpango ulioitwa Road Home. Ruzuku kuu ya ukarabati ilikokotolewa kwa thamani ya nyumba kabla ya kimbunga au gharama ya uharibifu, yoyote iliyo ndogo. Nyumba mbili zenye ukubwa mmoja na uharibifu mmoja zilipata fedha tofauti kwa sababu moja ilikuwa katika mtaa wa Weusi ambako bei za nyumba zilikuwa chini kwa miongo mingi. Wenye nyumba na mashirika ya haki za makazi walikwenda mahakamani mwaka 2008. Kesi iliishia kwa makubaliano mwaka 2011, watu wengi wakiwa wameshakata tamaa au wameshahama.

Juu ya ruzuku hiyo pungufu, mpango ulitoa nyongeza ya kuinua nyumba, hadi dola 30,000, iliyolipwa mkononi kabla ya kazi kwa ahadi ya kwamba nyumba ingeinuliwa ndani ya miaka 3. Ungedhani hilo ndilo suluhisho la foleni na risiti. Tatizo ni kwamba 30,000 haikutosha kuinua nyumba, na ruzuku ya ukarabati haikutosha kukarabati. Familia iliyokuwa na kuta zisizo na plasta na paa linalovuja ilitumia fedha ya kuinulia kununua mbao, waya na mabati. Wengi walieleza baadaye kwamba wafanyakazi wa mpango ndio waliowaambia wafanye hivyo. Mwaka 2013 mkaguzi wa ndani wa HUD aliripoti kwamba jimbo halikuwa na uthibitisho wa kutosha kuhusu karibu dola milioni 700 zilizolipwa kwa wenye nyumba takriban 24,000. Baadhi hawakuinua, baadhi hawakuwa na karatasi, baadhi hawakujibu.

Kilichofuata ni aibu ya kiutawala. Jimbo lilifungua kesi dhidi ya maelfu ya wananchi wake, likiwadai warudishe fedha walizokuwa wamekwisha kuzipigilia ukutani. Miongoni mwa walioshtakiwa walikuwamo wazee waliokuwa wakipata wito wa mahakama zaidi ya miaka 10 baada ya kimbunga. Waandishi wa ProPublica pamoja na vyombo vya habari vya New Orleans walichimbua suala hilo mwaka 2022, na Februari 2023 Gavana John Bel Edwards na HUD wakatangaza kwamba madai yangefungwa. Mpango uliotaka kuwainua watu juu ya maji ulikuwa umewaweka chini ya deni kwa sehemu kubwa ya maisha yao ya baada ya kimbunga.

Wapo waliochota kutoka Louisiana hitimisho kwamba mwananchi asipewe fedha mkononi. Hitimisho la haki zaidi ni kwamba asipewe nusu ya bei ya kitu kisha akaulizwa kwa nini hakukinunua.

New Jersey ilijaribu njia yake baada ya kimbunga Sandy cha Oktoba 29, 2012. Mpango wake mkuu ulitoa hadi dola 150,000 kwa nyumba, fedha zikijumuisha ukarabati na kuinua kwa pamoja. Pembeni yake kulikuwa na mpango mdogo wa HMGP wa kurudishiwa hadi 30,000 baada ya kazi. Ule wa kwanza ulikaribia zaidi uhalisia wa bei, nao ukakumbana na adui mwingine: mkandarasi. Mahitaji yalipopanda ghafla, kampuni zilizaliwa usiku mmoja, zikachukua malipo ya awali, zikaacha nyumba juu ya magogo au hazikuonekana tena. Baadhi ya wakandarasi walifikishwa mahakamani, lakini hukumu haikamilishi nyumba. Katika kazi hii kosa dogo halina subira: boriti iliyokaa vibaya au udongo ambao haukupimwa huangusha nyumba nzima. Serikali inayotoa ruzuku bila kusajili na kukagua mafundi inampeleka mwananchi sokoni na fedha ambazo kila tapeli anazijua kiasi chake.

Hata kazi ikiisha salama, masharti hayaishi. Nafasi iliyopatikana chini ya nyumba inaruhusiwa kuegesha gari, kuhifadhi vitu na kupitia ngazi tu. Kuta zake zikiwepo lazima ziwe na matundu ya kupitisha maji, inchi 1 ya mraba kwa kila futi 1 ya mraba ya eneo, ili mkondo uingie na kutoka badala ya kusukuma ukuta hadi uanguke. Mashine ya kupozea hewa na sanduku la umeme navyo hupanda juu. Bima lazima iendelee kukatwa maisha yote ya jengo ikiwa fedha zilitoka FMA. Halafu kuna ngazi: vidato 12 au 15 kwa mtu mwenye goti bovu au kiti cha magurudumu ni kizuizi cha kila siku, wakati mafuriko ni ya siku moja baada ya miaka. Bajeti isiyo na lifti au njia ya mteremko imemwinua mzee na kumfungia juu.

Kuhusu kimo, uzoefu wa miaka ya karibuni unatisha. Mtaa wa Meyerland, Houston, kando ya mkondo wa Brays Bayou, ulifurika 2015, 2016 na 2017, mara 3 kwa miaka 3 mfululizo. Baada ya kimbunga Harvey, kilicholeta mafuriko hayo ya 2017, baraza la mji lilipitisha mwaka 2018 kanuni kwamba majengo mapya katika maeneo ya mafuriko yakae futi 2 juu ya kiwango cha mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 0.2 kwa mwaka, mbali juu ya kipimo cha zamani. Australia ilionyesha sababu kwa ukatili. Katika mji wa Lismore, New South Wales, nyumba nyingi za mbao zilikuwa zimeinuliwa kwa miongo kadhaa kufuata kumbukumbu za mafuriko ya zamani. Februari 28, 2022 mto ulifika mita 14.4, zaidi ya mita 2 juu ya rekodi. Maji yaliingia ghorofa za juu. Watu walipanda mapaani na kuokolewa na majirani wenye boti ndogo. Ruzuku inayoinua nyumba hadi kimo cha mafuriko yaliyopita inanunua usalama wa jana kwa bei ya leo, na futi 2 au 3 za ziada wakati nyumba iko tayari juu ya jeki huongeza gharama kidogo tu.

Lipo pia swali ambalo mipango mingi imekwepa: nyumba ikipanda, barabara je? Isle de Jean Charles, kisiwa cha jamii ya Wenyeji wa Marekani kusini mwa Louisiana, kimepoteza karibu asilimia 98 ya ardhi yake tangu miaka ya 1950. Nyumba nyingi zilizobaki zilikuwa zimesimama juu ya nguzo ndefu. Zilikuwa kavu huku barabara pekee ya kwenda bara ikizama mara kwa mara, watoto wakikosa shule na wagonjwa wakikosa hospitali. Mwaka 2016 HUD ilitoa dola milioni 48.3 ili jamii ihamishiwe sehemu ya juu zaidi. Kuinua kulikuwa kumenunua muda, na muda una thamani, ila hakuna aliyewaambia wakazi mapema kwamba walichonunuliwa ni muda.

Upande wa pili kuna Charlotte, North Carolina. Tangu 1999 wilaya ya Mecklenburg imenunua mamia ya nyumba zilizoko kwenye mabonde ya vijito vyake, kwa sehemu kubwa kwa ada ya maji ya mvua inayotozwa wakazi wenyewe, ikabomoa na kuacha ardhi wazi. Kwa kuwa fedha ni zake, haingoji Washington na inaweza kununua haraka baada ya mvua. Halmashauri nyingine husita kufanya hivyo, na sababu haifichwi: ardhi iliyonunuliwa kwa ruzuku ya FEMA hairuhusiwi kujengwa tena milele, na nyumba iliyobomolewa hailipi kodi. Nyumba iliyoinuliwa inabaki kwenye daftari la kodi. Uamuzi unaopaswa kufuata mwendo wa maji unafuata mapato.

Queensland, Australia, ilipanga jambo hili kwa akili zaidi kuliko Wamarekani. Baada ya mafuriko ya 2021 na 2022, jimbo na serikali kuu waliweka dola za Australia milioni 741 katika mfuko mmoja wenye njia 3: kuinua nyumba, kuikarabati kwa vifaa vinavyostahimili maji, au kuiuza kwa serikali. Mwenye nyumba aliingia kupitia dirisha moja, hatari ya kiwanja chake ikapimwa, ndipo njia ikachaguliwa. Si kila mtu aliridhika, na kikomo cha ruzuku ya kuinua hakikuwafunika wote. Hata hivyo swali la kwanza lilikuwa sahihi: je, mahali hapa nyumba ibaki?

Wapo wasioonekana kabisa katika mjadala huu, nao ni wapangaji. Houston ni mmoja wa miji ya Marekani inayopokea wakimbizi wengi, wakiwamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili, na familia mpya huanzia katika nyumba za kupanga, nyingi katika majengo ya ghorofa yenye vyumba vya chini sawa na ardhi. Ruzuku ya kuinua humwendea mwenye mali. Mpangaji wa chini akipoteza kitanda na vyeti vya watoto, hana anachoombea kuinuliwa. Wapo pia wenye nyumba wasio na karatasi. Kusini mwa Marekani, hasa kwa familia za Weusi, nyumba nyingi zimepita kutoka babu kwa wajukuu bila mirathi kufunguliwa mahakamani. Baada ya Katrina waliokuwa wakiishi humo kwa vizazi viwili walikataliwa ruzuku kwa kuwa jina kwenye hati lilikuwa la marehemu. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa nyumba ya urithi ya namna hiyo.

Hapo ndipo jambo hili linapogusa mabonde ya Afrika Mashariki, ambako serikali hazijawahi kutoa ruzuku ya kuinua nyumba. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakazi wa bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam walipewa viwanja Mabwepande, mbali na vibarua vyao. Mwaka 2024 serikali ya Kenya iliahidi shilingi 10,000 kwa kila kaya iliyobomolewa nyumba kando ya mito ya Nairobi. Nyumba za tofali zilizojengwa juu ya msingi mwembamba, ukuta kwa ukuta, haziingii jeki, na hakuna busara ya kunakili mpango wa Louisiana huko Msimbazi. Lakini sharti la kuonyesha hati kabla ya kupewa chochote, na malipo yasiyolingana na bei ya kuhama kweli, ni mambo yanayofanana kupita kiasi.

Kwa Marekani, dawa zinafahamika kwa wanaoshughulika na kazi hii. Mkandarasi aliyesajiliwa alipwe moja kwa moja na jimbo, hatua kwa hatua, ili mwenye nyumba asitafute mkopo wa kati. Kaya za kipato cha chini zisamehewe mchango. Ukaaji wa familia wakati wa ujenzi uhesabiwe kuwa gharama ya mradi. Kiapo na bili za umeme vikubaliwe kuthibitisha umiliki wa nyumba ya urithi. Na mitaa ipimwe kwa pamoja, kwa kuwa nyumba moja juu ya nguzo kati ya 12 zilizo chini haijaokoa mtaa. Florida ilichukua sehemu ya njia hiyo ilipozindua Februari 2025 mpango wa Elevate Florida, wa takriban dola milioni 400, ambamo mwananchi anaomba moja kwa moja jimboni, jimbo linasimamia wakandarasi, naye anachangia hadi asilimia 25. Maombi yalimiminika kwa maelfu katika wiki chache.

Wakati huo huo mkondo wa fedha ulianza kukauka kutoka juu. Aprili 2025 serikali ya Rais Donald Trump ilitangaza kusitisha BRIC, mfuko wa FEMA wa kujikinga kabla ya maafa, na majimbo 20 yakaenda mahakamani kuupinga uamuzi huo. Katika mwaka huo matangazo kadhaa ya maafa yalitoka bila fedha za HMGP zilizokuwa zikiambatana nayo kwa kawaida. Zile bilioni 3.5 za FMA zilitengwa kwa miaka 5 ya bajeti, na wa mwisho unafungwa Septemba 2026.

Halmashauri za pwani ya Ghuba ya Mexico sasa zina orodha za nyumba zilizopimwa, zenye michoro ya nguzo na makadirio ya bei. Bei hizo zinapitwa na wakati kila mwaka unaoongezeka, na jimbo likilazimika kuzikokotoa upya, faili linarudi meza ya kwanza. Bunge linaweza kuongeza muda wa fedha za FMA kwa kifungu kimoja katika sheria ya bajeti, na katika kifungu hicho hicho likaruhusu malipo ya moja kwa moja kwa mkandarasi na msamaha wa mchango kwa kaya zisizo na uwezo.